Njia ya Kufika Kivulini

Jumatatu, 1 Juni 1992

Nikikata mkonge mwaka mwingine, nitarudi kwetu Kasulu nimejikunja kama mundu. Wenzangu watatu wamehamishiwa banda la kuchambulia singa, zile nyuzi za mkonge. Wamekaa, kivulini. Imebaki nafasi moja. Swalehe, tunayelala naye chumba kimoja, anasema ni bahati. Bahati gani? Nimewachunguza. Hezroni alimbebea mzigo mke wa mnyapara, akala makande kwake, akalalamika mgongo, akaenda kivulini. Tumainieli alianza na mgongo, ukafuata mzigo, kisha makande. Athumani hivyo hivyo, ila alipoteza na kiatu kimoja. Kiatu nimekiondoa kwenye hesabu, hicho ni chake mwenyewe. Anza popote, mwisho ni kivuli.

Jumatano, 3 Juni

Mama Honorata, mke wa mnyapara, kashuka na ndizi kutoka kule mlimani, Mhezi. Nikampa shikamoo, nikabeba mkungu, nikaongeza wa pili. Swalehe kauliza kama nimeoa pale. Sasa ananiita Mkwe. Makande nimekula sahani tatu, kwa usalama.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemlalamikia mnyapara, Mzee Eliamini. Mgongo sikuusingizia, ile mikungu imenisaidia. Kauliza kama nina hakika. Nikasema hata kuinama siwezi. Kauliza tena, taratibu. Mtu mwema. Nikatoa chozi.

Ijumaa, 5 Juni

Kivulini. Swalehe kapita na mzigo wa mkonge kichwani. Nikamwambia mambo haya yanataka akili.

Jumatatu, 8 Juni

Shamba limeuzwa. Meneja katangaza kuwa tajiri mpya hataki wagonjwa. Banda zima tumepunguzwa. Kumbe Mzee Eliamini alikuwa akiwatenga humo waliochoka, na habari ya kuuzwa alikuwa nayo. Ndiyo maana aliniuliza mara mbili. Swalehe amebaki. Kaniambia pole, Mkwe, sasa kaa kivulini mpaka uchoke.

Jumanne, 9 Juni

Hedaru, kando ya barabara, tunangoja kibarua cha kupakia mizigo kwenye malori. Hezroni, Tumainieli na Athumani wapo pia. Wote tulipita njia ile ile, tukafika pale pale. Kwa hiyo uchunguzi wangu haukuwa na kasoro. Swalehe angekuwepo ningemwonyesha.

Lori la mahindi limesimama. Dereva kamwita Athumani kwanza, na kiatu chake kimoja. Limekuja la pili. Athumani tena.

Kile kiatu sikupaswa kukiondoa. Cha kwangu cha kushoto nimeshakitupa mtaroni.