Mtumwa Anayelilia Pingu Zake

Sanyuanli, Guangzhou

Kwa Bi Jemimah, Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Waswahili

Mwanangu mheshimiwa,

Marahaba. Nimekuitikia kabla hujaniamkia, tuokoe muda.

Naushitaki mchezo wa sherehe ya Umoja. Japheth, mnunuzi wa viatu aliyepata kusomea uigizaji, ametufasiria mchezo wa kale wa Kimarekani, wa enzi za utumwa, na mtumwa ni mie. Malalamiko ni haya:

1. Japheth anasema kule zamani mtumwa alichezwa na mzungu aliyejipaka masizi ya kizibo cha chupa kilichochomwa, naye anataka mambo yawe vilevile. Kwa hiyo nami nipakwe. Mwanangu, mie Mola alishanipaka tangu tumboni mwa mama, na hakubakisha pahala.

2. Mtumwa huyu anacheka. Akitumwa anacheka, akipigwa anacheka, akimaliza kuchuma pamba anacheza ngoma. Mie nabeba marobota ya vitambaa pale soko la Zhongda kwa hiari yangu na faida yangu, na sijacheka tangu Ramadhani.

3. Mnada. Neno "bwana" Japheth kalifanya "laoban", ati wageni wa Kichina wafahamu. Basi nimesimama juu ya kiti, Kasmir wa Mombasa, ndiye laoban, akanipapasa mkono kama apapasavyo kitambaa, akasema "tai gui le", yaani ghali mno. Kwa mazoea ya soko, nikajipunguza bei mwenyewe. Nikamwahidi na mfuko wa bure. Walicheka wote. Mie nikashuka kitini.

4. Hili ndilo khasa. Mwishoni mtumwa anapewa uhuru, anaukataa, anapiga magoti akilia abaki kwa laoban. Nani aliyaandika haya? Bila shaka laoban. Mama wa bibi yangu alikuwa mtumwa Unguja. Siku alipoambiwa yu huru alikuwa jikoni kwa mabwana zake. Akauliza mara moja kama ni kweli, akashika njia. Wakampigia kelele, chungu je? Akasema, "Kiungue."

Kwa hiyo naomba mtumwa atoke mlangoni kwa miguu yake. Ikishindikana, Japheth acheze mwenyewe. Na hilo likishindikana, anadiwe laoban, mie niwe dalali, na bei sipunguzi. Wakikataa yote, mchezo ufutwe, watu wale pilau waende zao.

Nakomea hapa, karatasi imekwisha na hasira bado. Nisalimie binti yako Shifa, akina mama wa pilau, na Japheth pia, ila yeye msalimie kwa mbali.

Ni mie mzee wako,
Vuai Abdulhadi

Nimesahau: Nasikia Abass, mwenzetu wa Umoja, kaiomba nafasi yangu. Asipewe. Jana mazoezini nilipofika pale pa kulia machozi, Mwanakhamis wa pilau alijifuta macho kwa ushungi, na mlinzi wa Kichina wa ukumbi akaiweka simu yake chini. Sijalia vile hata kwenye msiba wa shemeji yangu. Mwambie Japheth pale pa kulia paongezwe.