Kofia ya Sufu Siku ya Fainali

Jumamosi, 4 Julai

Tumeingia nusu fainali ya kombe la bara! Akina dada zetu!

Mechi tuliitazama sebuleni kwa baba wa mchumba wangu. Mzee alikuwa kipa enzi zake, na vidole vyake viwili vimepinda mpaka leo. Mzee anamhusudu mno kipa wetu wa sasa, yule dada tunayemwita Komeo. Hata mimi. Anaruka yule! Wewe umeshafumba macho, umeshakata tamaa, kumbe mpira uko kifuani mwake, kaukumbatia kama mtoto aliyeshtuka usingizini.

Dosari moja: Mpiga Picha. Ana studio mkabala na duka langu, na anammezea mate mchumba wangu. Leo naye alikuwepo, na penalti ilipopigwa alisema Komeo ataruka kushoto, na kweli akaruka kushoto. Mzee akamwita "mwanangu". Mimi, niliyemtengenezea redio bila malipo, bado ni "wewe fundi". Nilipouliza habari ya posa yangu, akasema atanijibu baada ya fainali, maana binti yake hampi mtu asiyeujua mpira. Roho iliniuma.

Jumatatu, 6 Julai

Ugunduzi! Leo dukani niliwasha redio na televisheni pamoja, zote zikiwa kwenye robo fainali ya mwisho. Redio inatangulia! Si kwa mengi, kiasi cha mtu kumeza tonge. Mtangazaji wa redio ameshapiga kelele za bao, huku kwenye televisheni mshambuliaji ndiyo kwanza anautuliza mpira.

Mpiga Picha hajui hili. Mimi ni fundi redio, bwana! Redio ndogo itakaa kwapani, chini ya koti. Waya upite mgongoni mpaka sikioni. Juu, kofia ya sufu. Ataisoma namba!

Jumatano, 8 Julai

Fainali! Tumo fainali!

Na mimi nimetia fora. Nilisema, taratibu, kama anayejisemea, kwamba sasa tunafunga. Tukafunga. Nikasema Komeo ataupangua huu. Akaupangua, tena kwa ncha za vidole, Mungu ambariki. Mzee aligeuka akanitazama kama ananiona leo. Akamwondoa Mpiga Picha kwenye kochi, akaniketisha mimi. Akaniita mwanangu! Mpiga Picha alinuna mpaka akaacha chai yake ipoe.

Joto, lakini. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Mchumba wangu aliuliza kofia ya nini. Nikasema mafua. Alinitazama sana, kisha akaenda jikoni.

Ijumaa, 10 Julai

Nimetia betri mpya. Mpiga Picha amepita dukani kuuliza siri yangu. Nikamwambia mpira ni kipaji, mtu huzaliwa nacho. Nimejipenda sana leo.

Jumapili, 12 Julai

Sisi ni mabingwa, na mimi nimekwisha.

Dakika zote hazikutosha, muda wa nyongeza haukutosha, ikaja mikwaju ya penalti. Tulitangulia. Wao wakabakiwa na mkwaju wa mwisho: Komeo akiudaka, kombe letu. Mzee alisimama mbele ya televisheni, akakunja magoti, akanyoosha ile mikono yake yenye vidole vilivyopinda, kana kwamba mpira utamjia yeye. Sijaona kitu kizuri kama kile. Ningekaa kimya! Ningeng'ata ulimi!

Sikioni mtangazaji akalia kuwa kaudaka. Nikaruka juu, nikapiga kelele kwamba kaudaka, mabingwa, mabingwa! Kwenye televisheni mpigaji alikuwa bado anaupanga mpira.

Mruko ule ukachomoa waya. Redio ikaanza kunguruma kwapani kwangu, mtangazaji akishangilia kwa machozi. Watu wote wakaligeukia koti langu. Nyuma yao Komeo akaruka kulia, chini kabisa, akaudaka, na hakuna aliyemwona.

Mzee aliishusha mikono polepole. Akasema maisha yake yote amesubiri kuona mpira ule ukidakwa, nami nimemwibia. Kisha akaenda chumbani kwake. Nje watu walicheza barabarani. Mimi nilipita katikati yao na kofia yangu mkononi, nikilia, wakadhani ni furaha.

Jumatatu, 13 Julai

Mchumba wangu amekuja dukani. Waya aliuona tangu Jumatano, akanyamaza kwa kunihurumia. Nampenda mtu huyu jamani. Amemsihi baba yake, na mzee amelegea: Jumamosi wanarudia fainali yote kwenye televisheni. Niende, nikae kando yake bila kofia, mkwaju ule auone kwa utulivu. Nikitulia mpaka mwisho, binti ni wangu.

Nimeapa. Nimejifunza. Kofia nimeitupa, ujanja nimeuacha kabisa.

Ila nimewaza kidogo. Marudio! Mechi nzima ninayo kichwani, bila redio, bila waya! Sitapiga kelele hata kidogo. Mpigaji akianza tu kuupanga mpira, nitamnong'oneza mzee sikioni: kulia, baba, chini kabisa. Safari hii ataona mwenyewe kwamba mpira naujua.