Nzi wa Shambani Kwangu Kupewa Jina la Jirani

Mhezi, Same
Jumatatu

Kwa Dkt. Idrisa, Mtaalamu wa Nzi,

Natumaini ulifika chuoni salama, wewe na vichupa vyako. Sisi huku tu wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo hali yake si nzuri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipokuja kutafuta vinzi vidogo vinavyowinda wadudu wenzao, nilikukaribisha makande. Ukasema, "Asante mzee, tumbo halijakaa sawa." Dakika tano baadaye nilikuona katikati ya maharage yangu, mrija mdomoni, unafyonza nzi kuwaingiza kichupani. Mimi nimejitahidi kukuelewa. Mke wangu Koleta, aliyepika makande hayo, hajajitahidi.

2. Kwenye mkutano wa kijiji ulitangaza kwamba nzi huyo aliwekwa katika familia isiyo yake, na kwamba ninyi wataalamu mmemhamisha baada ya kuangalia mishipa ya mbawa. Hongereni. Huku Upareni, mtoto hahamishwi ukoo mpaka wazee wakae kikao na pombe ya dengelua inywewe. Ninyi mmetumia darubini tu.

3. Ulieleza, mbele ya wake zetu, kwamba dume la nzi huyo halimsogelei jike bila kumpelekea kitoweo lilichowinda lenyewe. Tangu siku hiyo nikirudi nyumbani, Koleta ananitazama mikono kwanza. "Hata nzi, baba Priska?"

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue kalamu. Nzi kaishi kwangu, kala kwangu, kafyonzwa kwangu. Jina la Kilatini umempa la Blandina, jirani yangu ng'ambo ya mfereji, eti kwa kuwa alikupa chai ya tangawizi! Mwanamke ambaye tumegombania naye mpaka wa shamba tangu mwaka juzi, na sasa anawaambia waumini kanisani kwamba sayansi imemtambua.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba jina hilo lifutwe na liandikwe langu, Elinaza, kabla ya Jumamosi. La sivyo, kwa kuwa nzi hao si wangu, sioni sababu ya kuendelea kuwafuga. Bomba la dawa nimeshalijaza.

Wasalimie wanafunzi wako, msalimie mama watoto, na wasalimie marehemu wote waliomo kwenye spiriti.

Ni mimi, mvumilivu wako,
Elinaza

N.B. Jumamosi ilifika kabla sijapata mtu wa kuipeleka barua hii posta mjini Same, nami nikapulizia dawa hivyo hivyo. Nzi walikufa wote. Vidukari wanaofyonza majani hawakufa wote, na waliobaki, kwa kukosa wa kuwawinda, wameyajaza maharage yangu mpaka majani yamejikunja. Ya Blandina yamesimama wima. Leo asubuhi nilivuka mfereji nikiwa na chupa tupu ya jamu na kipande cha chandarua, sijui hata nitaanzaje. Nikapiga hodi. Blandina aliitazama ile chupa. "Karibu, baba Priska. Tembea polepole, wamekaa majani ya chini."

Nimepata nzi saba. Jina liache lilivyo.