Kijiwe Kizima Kiliiombea Viza ya Auleria

Habari iliyotuvuruga Jumapili ile aliileta Japhet, kwenye simu, kama kawaida yake. Japhet ni mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, na sisi humwita Taarifa ya Habari, maana hata kijiko kikianguka Ulaya yeye keshasoma. Alikuja mpaka kwenye viti vyetu mbele ya kafteria, hapa Ras Al Khor, kati ya duka langu la vipuri na gereji, akaagiza chai ya karaki kabla hata ya kusalimia.

"Sikilizeni, watu wa grisi! Miji kumi bora ya Ulaya ya kupumzikia wikiendi. Imetoka leo hii."

"Miji kumi ya nini?" akasema Rogers. "Mimi nipeeni wikiendi kwanza, miji nitajitafutia."

Rogers ni Mkenya, dereva wa nyumba moja kubwa. Tunamwita Balozi kwa sababu gari la bosi wake lina vioo vyeusi, naye akiteremka humo huwa na mwendo wa mtu anayesubiri kupigiwa saluti. Siku hiyo alikuwa amelileta kumwaga oili, na alikuja na Auleria, binti wa Bukoba, yaya wa nyumba hiyohiyo. Watoto walikuwa kwenye mafunzo ya kuogelea, kwa hiyo Auleria alikuwa na nafasi ya kikombe kimoja cha chai na porojo zetu.

Sasa, kijiwe kizima kilijua kwamba mabosi wao, madam na sir, wanakwenda Ulaya Ijumaa inayofuata, kwa wikiendi moja, na wanakwenda na watoto pamoja na Auleria. Pasipoti yake ilikuwa ubalozini ikisubiri viza. Tulikuwa tunajivuna naye kana kwamba tumemsomesha sisi.

"Dada Auleria, hii nakusomea wewe," akasema Japhet. "Namba moja, Paris. Upande mnara, halafu uende makumbusho ukamwone yule mwanamke wa kwenye picha anayetabasamu."

"Nimemwona kwenye simu," nikasema. "Wala hatabasamu. Ana sura ya mtu aliyeambiwa kafeel, mdhamini wa viza yake, anakuja."

"Giaboksi, wewe huna sanaa," Japhet akanijibu. Giaboksi ndiyo mimi, na ndiyo biashara yangu. "Namba mbili, Venice. Mji mzima uko majini. Mnazungushwa na mtumbwi mwembamba, mpiga kasia anawaimbia."

"Yaani mafuriko," nikasema. "Jangwani pale Dar mvua ikinyesha watu wanabeba magodoro kichwani wanakimbia. Hawa wanapanda ndege kuyafuata?"

"Na wanaimbiwa!" Rogers akapiga paja. "Manze, hao watu hawajawahi kupata shida."

"Amsterdam, mnakodi baiskeli mnazunguka mji."

"Baiskeli tena?" nikauliza. "Japhet, hiyo si ndiyo uliyoikimbia kule Singida? Utoke kwenye baiskeli, uje Dubai, uende Ulaya, urudi kwenye baiskeli!"

"Barcelona kuna kanisa, watu wanatoka dunia nzima kulitazama. Limejengwa zaidi ya miaka mia."

"Miaka mia?" Rogers akakodoa macho. "Hapa bosi wako, arbab, akiona umechelewa wiki moja, khalas, unapelekwa airport na koleo lako mkononi."

Ami Muhanna alikuwa anapuliza chai. Huyu ndiye mkubwa wetu. Wazee wake walihamia hapa kutoka Unguja kabla barabara hazijapata lami, na kwenye kijiwe chetu ni yeye peke yake aliyewahi kukanyaga Ulaya. Tulimgeukia.

"Ami, tuambie wewe uliyefika."

"Nimefika mie, wallahi. Roma. Siku mbili."

"Uliona nini?"

"Nliona mgongo wa mke wangu. Yeye mbele, mie nyuma, toka asubuhi mpaka magharibi, kwa miguu! Magofu haya, twende magofu yale. Nkamwambia, bibie, kama ni nyumba zilobomoka, kwetu Mji Mkongwe zimejaa tele, na ukichoka unapata pa kukaa ukanywa kahawa. Usiku natafuta wali, naletewa mkate una jibini juu yake. Nkalala na koti na njaa."

"Sasa Ami, utampa Auleria ushauri gani?"

"Achukue viatu vipana."

Tulicheka sisi wote, isipokuwa mwenye safari. Auleria alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani, macho kwenye simu iliyolala mapajani. Japhet akamwonea huruma kwa namna yake ya kijinga.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Viza itatoka. Mimi nimekuweka kwenye kikundi cha maombi. Wiki nzima tunafunga kwa ajili yako, chai tu mpaka jua lizame."

Auleria akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Mimi kila usiku napiga magoti naomba hiyo viza ikataliwe. Nashangaa mbona mbingu hazinisikii, kumbe kuna wanaume wa Jebel Ali wanafunga kunipinga!"

Hata mpika chapati wa kafteria alichungulia dirishani, na yule hajui Kiswahili.

"Auleria," akasema Rogers, "ati unakataa Ulaya? Uko sawa kweli?"

"Balozi, mwaka jana nilikwenda nao Istanbul. Hamkuniuliza niliona nini?"

"Uliona nini?"

"Niliona magurudumu ya kigari cha mtoto. Ngazi zote za mji ule nazijua, maana nimekibeba kwenye kila moja. Kwenye msikiti ule maarufu nilibaki nje, nimeshika viatu vya familia nzima na begi la pampasi. Picha zote nilipiga mimi. Mpaka leo madam akizionyesha wageni, nimo kwenye moja tu, na humo kilichoingia ni kidole changu."

Rogers alitaka kucheka, akajizuia kwa kikombe.

"Safari ni ya kwao," Auleria akaendelea, "mimi ninahamishiwa kazi kwenye baridi. Lakini nisipopata viza wanaondoka wote, mimi nabaki na nyumba. Nitalala mpaka jua linichome uso. Halafu nitapanda basi niende Sharjah kwa mdogo wangu Belinda. Sharjah hapo, jamani! Na tangu tufike nchi hii tunaonana kwenye simu tu, siku yangu ya mapumziko na yake hazijawahi kukutana. Wikiendi hiyo zimekutana. Tutapika ndizi na maharage, tutasukana, tutalia kidogo, tutacheka. Hiyo ndiyo Paris yangu mimi."

Niseme kweli, nilijisikia vibaya. Tulikuwa tumemzungusha Ulaya nzima na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kwenda wapi. Ami Muhanna alitikisa kichwa taratibu. Japhet ndiye aliyepata taabu zaidi.

"Sasa mimi nimwambie nini Mungu? Nimeshaomba. Wenzangu wana njaa."

"Mwambie mlikosea jina," akasema Ami Muhanna. "Mola mwenye kusamehe."

Japhet akafumba macho palepale, midomo inamchezacheza, anabadilisha ombi. Rogers naye akainamisha kichwa. Mimi na Ami tukanyanyua mikono kwa upande wetu. Ukipita ungedhani tuna msiba.

Hatujasema amina, simu ya Auleria ikalia. Akausoma ujumbe wa wakala wa viza, akaishusha simu, akausoma tena.

"Imekataliwa."

Kelele tuliyopiga iliwatoa mafundi chini ya magari. Auleria akapiga kigelegele cha Kihaya mpaka chai ya Ami ikamwagika. Rogers akamwinua Japhet juujuu. Fundi mmoja Mpakistani, jirani yetu, akaja mbio na spana mkononi, uso umemjaa furaha.

"Visa okay?"

"No visa!" Rogers akamjibu, anaruka. "No visa, my friend!"

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akasema "mabruk", yaani hongera, kwa sauti ndogo, akarudi chini ya gari lake.

"Mpigie Belinda," nikamwambia Auleria. "Mwambie aanze kumenya ndizi."

Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ulipoingia ujumbe wa sauti wa madam. Akaufungulia hadharani, amebeba tabasamu la mtu anayekwenda kupewa pole.

Na kweli, pole ilikuja kwanza. Madam alisema anasikitika sana, inshallah safari nyingine. Halafu akasema yeye na sir wamekaa wakaona bila Auleria hawawezi kusafiri na watoto, kwa hiyo khalas, watakwenda wenyewe wawili. Watoto watabaki naye. Na ili asiwe mpweke, mama yake madam anakuja kukaa nao kuanzia Alhamisi.

Auleria akakaa chini.

"Bibi mkubwa?" akanong'ona Rogers, kisha akaangua kicheko. "Auleria, pole! Yule mama halali! Usiku wa manane anataka uji, alfajiri anapima vumbi kwa kidole! Aki, umeisha!"

Lakini ujumbe haukuwa umekwisha. Madam alisema tena: "Na mwambie Rogers hana mapumziko wikiendi hiyo. Mama anataka kutembelea ndugu zake wote wa Al Ain."

Kicheko cha Balozi kilikatika. Alikwenda moja kwa moja gereji, akarudi na funguo, akamfungulia Auleria mlango wa gari kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimpa hata sir.

"Ingia," akamwambia. "Japhet, waambie wenzako wasile bado. Ami, mtu akinyimwa viza ya Ulaya anakata rufaa wapi?"