Ombi la Kurudishiwa Damu ya Baba

Daktari Bingwa wa Moyo,
Kliniki ya Wagonjwa wa Nje.

Mheshimiwa Daktari,

Heshima zangu zinatangulia, nyuma yake ikifuata shahada yangu ya uongozi wa biashara, daraja la pili la juu. Mimi ni binti wa yule fundi cherehani uliyemtoa damu mara mbili mwezi uliopita. Kwa masikitiko, nalazimika kulalamikia matokeo: amepata nafuu.

1. Baba alipoletwa kwako akishika kifua, picha ilionyesha mishipa ya moyo wake haina kizibo hata kimoja. Badala ya kuturuhusu twende nyumbani, ukapima damu yenyewe. Ukakuta chembe nyekundu zimechukua sehemu hamsini na tisa katika kila mia, ukamwambia: "Mzee wangu, njia ni safi, ila kinachopita ni kizito kama gundi. Damu tele, na moyo unakosa hewa." Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, hawakuweka kikomo. Wewe umekiweka bila kuishirikisha familia.

2. Kwa miezi minne ya ugonjwa wake, duka nilikuwa nimelishika mimi. Nilianzisha fomu ya kurasa tatu kwa kila anayetaka kupunguziwa suruali, pamoja na kikao cha tathmini kila Ijumaa, ambacho nilikihudhuria peke yangu. Baba alitazama kutoka kitini, kimya, damu ikijikokota. Mazingira ya kazi yalikuwa bora kabisa.

3. Ulipotoa nusu lita ya kwanza, aliinuka kitini. Ulipotoa ya pili, alikuja dukani kwa miguu, akazichukua fomu zangu na kuzikata violezo vya kola. "Karatasi nzuri hii, mwanangu. Ndiyo uliyosomea?" Mteja mmoja akadakia: "Fundi, ulipotelea wapi? Binti yako ameniuliza malengo yangu ya miaka mitano, nami nimeleta zipu tu!" Duka zima likaangua kicheko.

4. Damu iliyopunguzwa uzito hukimbia. Kitaalamu sina pingamizi. Lakini haikuishia moyoni. Imefika mikononi, miguuni na, kwa wingi usio wa lazima, ulimini. Kabla ya saa nne asubuhi huwa nimekwisha kukaripiwa mara sita. "Mkasi huo, mama, si kijiko!"

5. Kwa hiyo naomba turudishiwe lita yetu. Ikiwa imekwisha kumwagwa, basi apandishwe angalau hadi hamsini na mbili, kiwango cha mzazi anayeweza kuketi, kupumua na kuafiki.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule mrefu aliyemshika baba mkono sindano ilipoingia, mlinzi wa lango, na mama wa dirisha la maabara. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku saba za kazi.

Wako katika kutafuta ufanisi,

Meneja wa Mpito, Duka la Baba.

Tanbihi: Tangu juzi baba hajanikaripia. Leo nimekata kitambaa cha suti ya mteja kombo, mbele ya baba, makusudi. Akasema tu, "Sawa, mwanangu," akaketi. Tafadhali ichane barua hii. Kesho tutakuwa mlangoni kwako kabla hamjafungua. Naomba sindano iwe tayari.