Mkurugenzi Aliyekutwa Hifadhini

Ilitangazwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la ofisi, kwamba Mamlaka ya Hifadhi ya Kisiwa imewaruhusu wananchi kukigundua kisiwa chao. Wanaopenda kugundua wafike ghorofa ya nne wakiwa wamevaa kwa heshima. Ugunduzi utafanyika kwa utaratibu, na atakayegundua bila utaratibu atachukuliwa hatua.

Sauti ile ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, mtu mzima wa kitambi cha wastani na tai ya kila siku. Mtaani walimwita Bwana Kifungu, kwa sababu hata ukimwamkia alikuitikia kwa kifungu cha kanuni. Na tuseme ukweli, kazi aliifanya. Tangu hifadhi ianzishwe haikuwahi kupata mgeni hata mmoja, na hayo aliyahesabu kuwa ndiyo mafanikio yake makubwa: hakuna jani lililochumwa, hakuna jiwe lililookotwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kisiwani, maana roho ilimchafuka kila alipoona maji yakitikisika. Alikihifadhi kwa mbali, kupitia dirisha la ofisi, na kwa mbali kilihifadhika vizuri.

Kilichoharibu mambo ni Waziri. Waziri alisema kikaoni kwamba hifadhi isiyo na wageni ni harusi isiyo na bibi harusi, kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba kiti cha Katibu Mkuu kiko wazi na macho yake yako kisiwani. Tangu hapo Bwana Kifungu hakupata usingizi wa maana. Alikitaka kiti kile hadi akawa anakiota, na magurudumu yake.

Mungu si Athumani, waombaji walikuwepo. Walikuwa mke na mume ambao kwa muda mrefu walipanda ngazi za ofisi ile kuomba ruhusa ya kukizunguka kisiwa kwa mashua yao. Mke alikuwa fundi wa maturubai, mwanamke wa maneno machache na sindano kubwa. Mume alikuwa mwalimu mstaafu ambaye bado alinyoosha mkono kabla ya kuuliza. Fungate lao liliahirishwa kwa ajili ya watoto, likaahirishwa tena kwa ajili ya wajukuu, na sasa mume alikuwa ameziba nyufa za mashua, mke ameshona tanga nyuma ya nyumba, pindo kwa pindo, na walitaka kwenda wawili tu kabla magoti hayajagoma. Kila walipofika, Bwana Kifungu aliwatazama kwa huruma ya kikazi na kuwaambia, "Njooni kesho."

Safari hii waliwekwa kwenye viti, wakapewa soda, wakaambiwa kesho imefika.

Lakini kwanza, semina elekezi. Bwana Kifungu aliiendesha mwenyewe, washiriki wakiwa hao wawili na katibu muhtasi aliyegawa kalamu. Aliwafundisha kwamba upepo utakaotumika kwenda uwe unaelekea kisiwani, na wa kurudi uwe unarudi; upepo wa ubavuni haujapitishwa. Mshangao uwe wa kiwango cha kati. Kitakachogunduliwa kiwe kimeshagunduliwa na Mamlaka, na ugunduzi mpya uripotiwe kabla haujatokea. Viumbe wasilishwe chakula. Kisha akashusha sauti, akakisoma Kifungu Mama: chochote kitakachokutwa hifadhini kitabaki hifadhini, na chombo kitakachokitoa kitataifishwa.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, na tukimkuta mtu?"

"Mtu hawezi kuwa kule bila kibali chenye muhuri. Ukimkuta asiye nacho, huyo kikanuni si mtu. Ni sehemu ya mazingira."

"Na mkubwa akituruhusu kwa mdomo?"

"Neno la mdomo ni uvumi, mwalimu. Muhuri ndio neno."

Fundi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, aliuliza kama kweli hicho kitu hakitolewi hata kikiomba chenyewe.

"Hata kikilia, mama," alisema Bwana Kifungu, na akacheka peke yake.

Siku ya safari ilipofika aligonga muhuri kibali cha mashua ya wale wawili, akagonga na kibali cha boti ya ofisi na dereva wake, cha kuingia mara moja na kutoka. Katibu muhtasi akamuuliza, "Na cha kwako, bosi?" Bosi akamjibu kwamba mwenye nyumba hapigi hodi. Akaufungia muhuri kwenye droo, na ufunguo akautundika shingoni chini ya tai, mahali ulipokaa siku zote, kwa kuwa hakuna binadamu wa pili aliyewahi kukabidhiwa muhuri ule. Kisha akapanda boti kutangulia, maana ustaarabu unataka mwenyeji amtangulie mgeni.

Alitapika kwa heshima njia nzima. Alipokanyaga mchanga alishangaa, kwa kiwango cha kati, kwamba kisiwa ni kikubwa kuliko dirisha. Kulikuwa na miti, na ndege waliopiga kelele bila kupewa nafasi. Aliona ubao wa kanuni uliosimikwa ufukweni, wenye saini yake chini, akausoma wote hadi machozi yakamlenga. Alifunga utepe kati ya miti miwili, akarudi nyuma kuutazama, na hapo ndipo alipoona kasoro.

Hakukuwa na meza kuu.

Waziri anakuja mchana, mpiga picha wa wizara anakuja, na hakuna meza kuu! Aketi juu ya gogo, kama nani? Bwana Kifungu akamwamuru dereva arudi haraka akailete, na kitambaa chake cheupe, na maua yake ya plastiki, na Waziri amlete kwa safari hiyohiyo. Dereva alimtazama bosi, akautazama ubao, akamtazama tena bosi. Ofisi ile haikuwa na desturi ya kumkumbusha mkubwa jambo. Alisema, "Sawa, bosi," akaondoka.

Haikupita muda tanga jeupe likaonekana. Fundi alikuwa kwenye usukani, Mwalimu akivuta kamba, na walikuwa wakibishana ni nani aliyesema kata kushoto, ubishi wa watu waliokwisha kusameheana. Walipita maboya ya mpaka wa hifadhi, wakatia nanga, wakaja ufukweni maji yakiwa magotini. Bwana Kifungu aliwatolea hotuba yote. Alianza na "itifaki imezingatiwa", akapitia historia ya Mamlaka, akamshukuru Waziri aliyekuwa hajafika, na wale wawili wakapiga makofi, miguu yao ikizama mchangani taratibu.

Baada ya hapo waligundua. Waligundua jiwe kubwa, lililokwisha kugunduliwa, na kijito, kilichokwisha kugunduliwa, Mkurugenzi akiwafuata nyuma kuthibitisha. Mwiba ulipomchoma Fundi, mumewe alipiga goti akautoa kwa meno, akasema huo mguu ameuvumilia muda wote huu, hatauacha hapa. Fundi akacheka hadi akakaa chini. Bwana Kifungu alisikia kitu kikimgusa kifuani. Alitafuta kichwani kifungu kinachohusika, hakukipata, akaacha.

Boti ya ofisi ilirudi jua likiwa limeanza kuinama, ikasimama kwenye maboya. Juu yake ilikuwepo meza kuu, kitambaa na maua vikiwa mahali pake, na nyuma ya meza ameketi Waziri, katibu muhtasi akimshikia mwavuli na mpiga picha kando yao. Bwana Kifungu akapunga mikono yote miwili waje. Hawakuja. Dereva alipaza sauti kwamba kibali cha kuingia mara moja kimeshaingia mara moja.

Bwana Kifungu akapiga kelele kwamba anawaruhusu. Waziri, ambaye kanuni zile alizisifu hadharani, alichukua kipaza sauti cha mkono akasema hataki iandikwe kwamba Waziri ameingia hifadhini kwa uvumi.

"Basi mkalete muhuri!"

Katibu muhtasi akaomba kipaza sauti. "Muhuri uko kwenye droo, bosi. Ufunguo uko shingoni kwako."

Upepo ulikuwa umegeuka, ule wa kurudi, uliopitishwa, na Fundi alikuwa ameanza kukunjua tanga. Bwana Kifungu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini.

"Jamani, nisogezeeni nafasi kidogo. Tunarudi wote."

Fundi alimtazama, na kwa kweli alimwonea huruma. "Kibali chako, mheshimiwa?"

"Mama, kanuni hizi nimezitunga mimi!"

"Tunajua," alisema Mwalimu. "Ndiyo maana tumezishika."

"Basi ninawaruhusu."

"Kwa mdomo?"

Bwana Kifungu akauchomoa ufunguo shingoni, akawaomba wauchukue huo peke yake, wampe katibu muhtasi, basi. Mwalimu akanyoosha mkono, si kupokea bali kuuliza. "Samahani, mheshimiwa. Huu ufunguo tumeukuta wapi?"

Kule kwenye maboya mpiga picha alikuwa ameinua kamera. Fundi alipitisha kiganja kwenye pindo la tanga lake. "Nimelishona mwaka mzima," alisema. "Nikikutoa, wanalichukua na mashua nzima. Siwezi, mheshimiwa. Ningekuwa naweza ningekubeba."

Hapo Mkurugenzi akalia. Alilia kweli, na kamasi, bila kiwango.

"Ulisema hata kikilia," Fundi alimkumbusha, kwa upole. Akashuka tena hadi ufukweni na kikapu chao cha chakula, akakiweka chini ya ubao, mahali palipoandikwa viumbe wasilishwe. "Kikapu nimekisahau," alimwambia mumewe. "Na kikikutwa hapa, si kinabaki hapa?" Mwalimu alisema hiyo tafsiri ni sahihi, akampa mkono apande.

Tanga likajaa. Bwana Kifungu aliwaona wakifika kwenye maboya, akamwona Waziri akiinama juu ya maua ya plastiki kuwauliza jambo, na Mwalimu akijibu kwa kirefu, akionyesha ufukweni kwa kidole. Waziri aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakiinua kile kipaza sauti.

Ikatangazwa kwamba Hifadhi ya Kisiwa, kupitia wageni wake wa kwanza, imepata kiumbe asiyepatikana katika hifadhi nyingine yoyote: mkurugenzi anayeishi porini. Asiguswe, asilishwe, asihamishwe. Katibu muhtasi, kwa sababu ya kuwepo kwake, anateuliwa Kaimu Mkurugenzi kuanzia sasa. Ama kiti cha Katibu Mkuu, kitapewa mtu anayepatikana ofisini. Makofi yakapigwa kwenye boti, na dereva ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

"Na kibali changu?" Bwana Kifungu alipiga kelele, maji yakimfika kiunoni, tai ikielea mbele yake. "Kibali changu cha kutoka!"

Kaimu Mkurugenzi akapokea kipaza sauti. Alikipuliza mara mbili kukijaribu, kama alivyomwona bosi wake akifanya miaka yote ile, na akamtazama kwa huruma ya kikazi.

"Ombi lako limepokelewa," alisema. "Njoo kesho."