Pai ya Cheri na Babu wa Rafuni

Jumatatu, 5 Februari 1951

Mti wa cheri aliouacha Mjerumani wa misheni umezaa! Miaka arobaini unachanua na kupukutisha maua bila haya, kama wazee wa baraza na ahadi zao. Leo matawi yamelemewa. Cheri nyekundu, karibu nyeusi, mbili mbili kwenye kikonyo. Ndege hawazigusi. Shore, chiriku, hata kunguru, wote wanaupita mti kwa mbali. Hasara yao!

Mpango umenijia papo hapo. Jumamosi Bwana DC anapanda kutoka Same kuamua kiwanja cha mti huu kitumike kwa kazi gani. Mimi, mwalimu, nataka pajengwe chumba cha kusomea, chenye taa, magazeti, na watu wanaojua kubishana. Nimekipigania kwa barua miaka mingi. Magazeti mawili yamezichapa. La tatu limeniomba nipumzike. Melkizedeki, mzee wa kanisa, jirani yangu na adui yangu wa kudumu, anataka paachwe hivyo hivyo. Eti kabla misheni hawajafyeka, palikuwa mpungi wa ukoo wetu, kichaka walimowekwa wazee, mafuvu yao ndani ya vyungu. Eti bado wako chini.

Sasa, silaha yangu. Zebedayo, mpishi wa DC, ameniambia memsahibu hulia akikumbuka pai ya cheri ya mama yake. Basi pai ataipata. Atalainika. Mumewe atatia sahihi. Namna ya kuipika ninayo, imo katika gazeti la kinamama wa Kizungu lililofungiwa sabuni.

Melkizedeki amenikuta nikichuma. Akasema matunda ya hapo hayaliwi kabla wazee hawajatengewa chao. Nikamwambia mzee wa kanisa anayelisha mizimu ni sawa na askari anayemshikia mwizi ngazi. Akasema yeye halishi mtu, anatoa heshima tu. Unafiki!

Jumanne, 6 Februari

Tanuri sina. Nahitaji chungu kinene, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mke wangu Dina amevificha vyungu vyake tangu nilipojaribu kupika wino.

Lakini mwenye bahati habahatishi! Nilikuwa nachimba shimo la nguzo ya kuegemezea tawi, jembe likagonga. Chungu! Kikubwa, kizima, kimelazwa ubavu. Ndani yake fuvu.

Mjinga angekimbia. Mimi nimesoma. Fuvu ni mfupa, mfupa ni chokaa, na chokaa hupakwa ukutani. Chungu nimekisugua kwa mchanga na majivu. Fuvu nimeliweka rafuni, mwisho wa safu, lizuie vitabu visianguke. Linafaa sana. Nimeligeuza lielekee ukutani, maana Dina amegoma kupika likimtazama.

Nilipotoka kukata kuni na kurudi, lilikuwa linautazama moto. Nimemgombeza Dina kwa mzaha wake. Ameapa hajaligusa na hataligusa hata kwa mpini wa ufagio.

Ukungu umeshuka kutoka kilele cha Shengena mpaka mlangoni kwetu. Kwa jirani hakuna. Umesimama pale kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Jumatano, 7 Februari

Shangazi Eliwaza amekuja. Ndiye mkubwa kuliko wote tuliobaki katika ukoo. Hakuna mtu milimani humu ambaye yeye humwamkia. Nikainuka kumpa shikamoo. Akanipita. Akapiga magoti mbele ya jiko na kuinamisha kichwa mbele ya chungu.

"Shikamoo, baba."

Nikamweleza kwa upole kwamba baba yake alikufa kabla ya vita vya Mjerumani, na kwamba hiki ni chombo cha jikoni.

"Na mwenyewe umemhamishia wapi?"

Nikamwonyesha rafu. Akajifunika uso kwa kanga.

"Nathanaeli! Umempanga babu yako pamoja na magazeti?"

Si magazeti, nikamsahihisha. Ni kamusi.

Akaniamuru nimrudishe babu kabla jua halijazama, nikamtengee cha kwanza. Nikamwahidi Jumamosi, babu akishamaliza kazi ya rafuni. Akaondoka kinyumenyume, kama watu wanavyoondoka mbele ya mtemi.

Pai ya kwanza leo. Unga wa ngano, siagi ya Dina, sukari, cheri tele. Harufu ilitoka mpaka njiani. Nilipochungulia nikawaona majirani wamesimama nyuani mwao, nyuso zimeelekea kwetu.

Nikafunua. Ukoko wa dhahabu, bila ufa. Nikakata. Ndani mtupu! Kokwa peke yake, nyeupe, kavu, zimefyonzwa.

Melkizedeki! Dina akauliza Melkizedeki angeingiaje chini ya ukoko usio na ufa. Nikamjibu kwamba mtu yule yumo katika siasa za kanisa tangu ujana wake. Amepenya penye tundu dogo kuliko hapo.

Alhamisi, 8 Februari

Leo nimelinda. Kigoda mbele ya jiko, panga magotini, macho juu ya mfuniko. Hata chafya nimeimeza.

Mshukiwa alikuja mwenyewe! Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Vizuri, nikasema moyoni, nitamwona mikono.

"Mwalimu, kata kipande kimoja uwape wazee. Kitakupunguzia nini?"

Nikasema kitanipunguzia msimamo.

"Msimamo hauliwi."

Nikamwambia ndiyo maana yeye amenenepa. Akacheka. Alikuwa bado anacheka, ghafla akakaza macho juu ya rafu. Sikugeuka. Hila ya kitoto!

Pai ikaiva. Nikafunua mbele yake, awe shahidi. Cheri zimo! Zinachemka, zinang'aa! Ila kipande kimoja hakipo. Kimekatwa pembe safi, kama kwa kisu, na mvuke unatoka penye pengo. Makaa ya juu sikuyagusa mimi wala yeye.

Hapo nikageuka. Fuvu lilikuwa limetuelekea, na meno ya juu yana wekundu. Kutu, bila shaka.

Melkizedeki akachukua kofia yake, akatoka bila neno. Mtu huyu hajawahi kuondoka nyumbani kwangu bila kusema neno la mwisho. Nimehesabu ushindi.

Dina naye amefunga mzigo, anakwenda kwa kaka yake huko Bendera. Nikamwuliza ananiachaje wiki ya mapambano. "Baba Andrea," akasema, "mimi niliolewa na mtu mmoja." Ukungu ulimpisha njia. Alipokwisha kupita ukajifunga.

Jumamosi, 10 Februari

Jana sikuandika. Nilikuwa nasikiliza. Kurasa zinafunuliwa rafuni, halafu kimya, halafu mtu anaguna kama asiyekubaliana na alichosoma. Panya. Panya wasomi, labda, lakini panya.

Siku yenyewe! Uwanja umejaa watu. Bwana DC kiti cha kulia, memsahibu kiti cha kushoto, na kati yao kiti kitupu ambacho hakuna anayekumbuka aliyekiweka. Pai ya tatu imetoka kamili, nyekundu kama muhuri wa serikali. Shangazi Eliwaza alinishika mkono mbele ya watu, akanisihi cha kwanza kiende chini ya mti. Nikajinasua. Cha kwanza nikampa memsahibu.

Akala. Akafumba macho. Machozi! Bwana DC akatoa kalamu. Chumba changu! Nilishaanza kuwaza rangi ya milango.

Memsahibu akafumbua macho, akasema. Kwa Chasu, lugha yetu! Mama huyu huomba maji kwa kidole. Sasa Chasu kizito, cha kale, kwa sauti ya mwanamume mzee mwenye kikohozi.

"Mjukuu. Umeniweka na vitabu tangu Jumanne, wala hujanisomea hata ukurasa mmoja."

Uwanja mzima ukapiga magoti. Wa kwanza Melkizedeki, mzee wa kanisa, na suruali yake ya pasi! Nikabaki nimesimama mimi na DC tu, yeye kwa kutoelewa, mimi kwa kuelewa mno.

Akaomba kipande kingine. Akala mpaka sinia likawa tupu. Kisha akaunyoshea mti kijiko, akasema pale ni kwake na watu wake, na asije mtu kumjengea juu ya kichwa.

Bwana DC akauliza mkewe anasema nini. Nikajitolea kutafsiri. Nikamweleza kwamba memsahibu, kwa maneno mazuri sana, anaunga mkono chumba cha kusomea.

Kijiko kikanipata katikati ya paji la uso.

Melkizedeki akainuka, akatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Sikujua ana uaminifu kiasi hicho. Imenichukiza. Bwana DC, uso mweupe kama ugali wa sembe, akaandika: kiwanja kiachwe, kizungushiwe ua, asichimbe mtu.

Memsahibu akapepesa macho, akaangalia sinia. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyemaliza pai yake.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda kanisani. Nimekaa kutafakari kosa langu kwa unyofu. Sukari ilizidi.

Zaidi ya hapo, nimeonewa. Babu amekula njama na serikali! Na tangu lini sauti moja ikawa sauti ya ukoo mzima? Nani alimchagua? Palipo na mzee mmoja anayesema, na wa pili apewe nafasi ya kupinga. Hii ndiyo siasa. Nimesoma.

Shangazi Eliwaza aliwahi kusema babu alikuwa na mdogo wake waliyegombania naye maji ya mfereji, wakafa hawasemezani. Ndiye ninayemtaka! Ua haujajengwa. Wakati watu wako ibadani nimechimba upande wa pili wa mti. Jembe halikukawia. Chungu kidogo kuliko cha kwanza, mwenyewe yumo. Nimemweka rafuni, mwisho wa pili wa safu, kamusi katikati yao, wasipigane.

Hawajapigana. Tangu mchana wananong'ona, chini kwa chini, kama sufuria iliyo karibu kuchemka. Mara moja wamecheka. Ukungu sasa umo ndani, umekaa kwenye kigoda cha Dina.

Nimeitisha kikao. Nimesoma hoja: chumba cha kusomea kijengwe, uamuzi wa DC upingwe mpaka kwa Gavana. Nimeomba kura. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi, wote wawili walikuwa wamenigeukia.

Wawili wanapinga, mmoja anaunga mkono. Nimeyakataa matokeo. Nachukua jembe. Chini ya mti bado kuna wapiga kura.